Kuna kitu kinalia kama mtoto mchanga kwenye mwembe wangu Mikindani, kila saa 8 usiku. Ni nini?

#1 Mwembe wa Babu
Wakuu, habari za leo. Nipo Mikindani, nyumba ya urithi, upande wa kupanda mlimani. Uwanjani kuna mwembe mkubwa aliopanda babu, nyuma kuna mikorosho sita na minazi mitatu, na kwa jirani kuna mbuyu.

Wiki ya tatu sasa, ikifika saa 8 usiku kuna kitu kinalia humo mwembeni. Kilio chenyewe ni cha kichanga kilichoachwa peke yake. Kinaanza "waa" moja, kimya, halafu "waa waa waa" mfululizo, sauti inashuka mpaka inaishia kama kikohozi. Mke wangu ananyonyesha. Kikilia tu, maziwa yanamtoka, wakati mtoto wetu kalala fofofo.

Asubuhi chini ya mwembe nakuta maembe machanga yametafunwa, mabibo yaliyofyonzwa, na korosho zake zimelala hapo hapo. Mikorosho ipo nyuma ya nyumba, hatua kama arobaini, sasa zimefikaje huku mbele?

Mzee jirani anasema mti ukatwe, au nitie sumu kwenye ndizi niitundike. Mti wa babu sikati, na kuua kitu nisichokijua sitaki. Mwenye kujua anisaidie.

#2 Chikongola Dogo
Naweka kigoda hapa. Mwenye karanga apitishe.

#3 Fundi Bati
Bundi huyo. Mimi kazi yangu ni kupaua, nimeingia kwenye dari nyingi za Mtwara kuliko panya wenyewe. Yule bundi mweupe mwenye uso kama moyo halii "huu huu" kama mnavyosimuliwa. Anapiga kelele kama shuka linalopasuliwa. Makinda yake yanakoroma usiku kucha, mwenye nyumba anadhani mzee yumo darini. Angalia chini ya mti kama kuna vidonge vya manyoya vyenye vifupa ndani, ukubwa wa kidole gumba. Ukivipata, kesi imekwisha.

#4 Sharifu wa Pwani
Fundi, bundi na kichanga wapi na wapi? Huyo ni babewatoto. Kwa nini alie kwenye nyumba yenye mtoto mchanga na asilie kwangu nisiye na mtoto? Bibi zetu walikuwa wanawahi kuwaingiza watoto ndani kabla ya magharibi, hawakuwa wajinga.

#5 Fundi Bati
#4 Fungua kamusi, ndugu yangu. Babewatoto ni jamii ya bundi. Umenipinga halafu umerudi pale pale nilipo.

#6 Mwalimu wa Newala
Mleta mada, huyo ni komba. Tena si wale wadogo, ni yule mkubwa wa kimo cha paka, mkia mnene wenye manyoya mengi. Hata Waingereza jina walilompa maana yake ni mtoto wa kichakani, kwa sababu ya kilio hicho hicho. Anakula matunda, wadudu na utomvu wa miti. Chukua tochi, iweke usawa wa macho yako, mulika matawi polepole. Ukiona makaa mawili mekundu yanaruka toka tawi hadi tawi, umempata.

#7 Chikongola Dogo
Mwalimu, yaani ule usemi wa "amelewa kama komba" ni wa huyu huyu?

#8 Mgema Mstaafu
Ni wa huyu huyu, na mimi ni shahidi.

Nimegema minazi Msangamkuu miaka 22. Jioni unapanda, unachonga panda kwa kotama, unafunga kibuyu, unashuka. Alfajiri unapanda tena kuteremsha tembo, ile pombe ya mnazi. Kuna minazi ambayo kila siku kibuyu kilikuwa nusu na povu limetapakaa kwenye makuti. Nikadhani ni kijana fulani wa mtaani, tukagombana bure. Siku moja kabla hapajapambazuka nimefika juu, namkuta bwana mkubwa kakumbatia kuti, shingo imelegea, mkono mmoja bado umo kibuyuni. Vidole vitano, kucha bapa kama zako. Nikamgusa kwa mpini wa kotama. Akafumbua jicho moja, akanitazama kama mimi ndiye ninayemdai, akalifumba. Nikashuka na kibuyu cha mnazi wa pili.

Wazee walikuwa wanawategea tembo kwenye kifuu, wanalewa, wanaokotwa chini kama maembe. Mimi sikuwahi kufanya hivyo. Mlevi mwenzako humfanyii vile.

Ila niseme jambo moja ambalo mwalimu hatalipenda. Miaka yote 22 sikumsikia hata mmoja akilia kama mtoto. Nimewasikia wakikoroma, wakifoka, wakigombana. Kichanga, hapana.

#9 Binti Shangani
"Kama mimi ndiye ninayemdai" 😂😂 nimecheka ofisini, bosi kaniuliza kuna nini nikasema komba.

#10 Mwalimu wa Newala
#8 Mzee wangu shikamoo. Ulikuwa unawakuta alfajiri, wameshakunywa. Mlevi gani analia saa hizo? Na jamii ya komba wapo wa aina kadhaa, wengine kwa sura huwezi kuwatofautisha, hata wataalamu huwatenganisha kwa milio. Huenda wa Msangamkuu si wa Mikindani.

#11 Mgema Mstaafu
#10 Marahaba. Mlevi analia saa yoyote, mwalimu. Hujaishi na walevi.

#12 Bibi Korosho
Hizo korosho chini ya mwembe ndiyo jibu na nyie mnaruka. Ni popo. Popo mwenye uso kama wa mbwa hali bibo pale nkoroshoni, hulichuma akaenda nalo kulilia nti mwingine kwa nafasi, akalifyonza, kokwa na makapi akaviacha vianguke. Kwangu huku Tandahimba kila nsimu naokota debe chini ya nfenesi. Sipalilii, sipulizii salfa, napokea tu.

#13 Chikongola Dogo
Bibi naomba namba ya huyo popo, nataka kumsajili AMCOS, chama chetu cha ushirika.

#14 Kipepeo wa Rutamba
Naongezea kwa bibi. Dume la popo huyo ana vishungi vyeupe mabegani na usiku anaita jike kwa sauti moja tu, "ting... ting... ting", kama mtu anagonga chuma mbali, anaweza kwenda hivyo hivyo saa nzima. Nilikuwa najua ni chura mpaka nilipommulika. Kwa hiyo korosho ni popo, sawa, ila kilio cha mleta mada siyo. Inawezekana una wageni wawili.

Na mwambie mzee mwenye mbuyu: maua ya mbuyu yanafunguka jioni na popo ndio wanaotembea na chavua usiku. Akiwamaliza popo, hao watoto wanaomnunulia ubuyu atawauzia nini?

#15 Sharifu wa Pwani
Huo mbuyu wenyewe hamtaki kuuongelea. Haya.

#16 Kuku wa Mtama
Kuhusu sumu, mkuu, usithubutu. Mwaka juzi panya walinizidi ghalani nikatega sumu ya dukani. Panya wakafa, wengine wakatoka wakafia uwanjani. Baada ya siku nne nikamkuta paka wangu kakauka chini ya kitanda, na bundi wawili, dume na jike waliokuwa wakikaa kwenye tanki bovu, mmoja chini ya mpapai na mwingine karibu na kisima. Bundi hakugusa sumu yangu, alikula panya aliyekwisha kuila. Msimu uliofuata panya walirudi wengi kuliko mwanzo na hapakuwa na wa kuwapunguza.

#17 Mtani wa Kusini
Nyie watu wa Mtwara na panya wapi na wapi? Si mngewala? Samaki nchanga hao! Mimi nashangaa bundi anapata wapi kitoweo huko, mnashindana naye.

#18 Bibi Korosho
#17 Mjukuu wangu, samaki nchanga ni wa shambani, anakula nihogo na karanga, nsafi kuliko huyo kuku wako wa wiki nne. Wa ghalani haliwi. Jifunze kabla hujatania.

#19 Askari Mstaafu
Nimefanya kazi Nanyumbu, jirani na pori la akiba la Lukwika-Lumesule, kwa hiyo niweke sawa jambo moja. Watu wanadhani mnyamapori ni tembo na simba tu. Sheria ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma. Kumuua au kumfuga bila kibali ni kosa hata kama kakaa juu ya mti ulioupanda wewe. Akiwa msumbufu, pita kwa afisa wanyamapori wa halmashauri.

#20 Liwale Yetu
#19 Mkuu, huku tembo akipita shambani kuna kifuta machozi cha serikali, japo kinatembea kwa magoti. Komba akila embe nani atanifuta?

#21 Askari Mstaafu
#20 Kifuta machozi ni cha wanyama wakali: tembo, kiboko, simba, mamba na wenzao. Machozi ya embe jifute na kanga ya mama.

#22 Liwale Yetu
Hahaha sawa afande. Sisi tembo tunamtundikia mizinga kwenye kamba kuzunguka shamba, nyuki anamuogopa kweli. Siku ya kwanza waliotimuliwa ni sisi wenyewe.

#23 Mrondo Halisi
Mnachelewa kusema jambo kubwa. Dunia nzima inajua kuna komba mdogo sana amepewa jina la Rondo, huku kwetu Lindi. Mkia wake kama brashi ya kusugulia chupa. Huenda mleta mada ana hazina juu ya mwembe na mzee anataka kuiwekea sumu.

#24 Mwalimu wa Newala
#23 Hongera kwa kujivunia kwenu, ila huyo ana gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, na ni wa ndani ya msitu: Rondo, Litipo, na huku Mtwara msitu wa Ziwani. Kifua hicho hakiwezi kuamsha nyumba nzima.

#25 Kipepeo wa Rutamba
Mwalimu, yupo hadi Pugu, nje tu ya Dar. Tatizo ni vimisitu vyenyewe, vimebaki vipande vipande na mkaa unavimega kila siku. Mimi Litipo naiona kwa dirisha, pikipiki zinatoka na magunia alfajiri. Lakini kwa kilio nakubaliana na wewe, si yeye.

#26 Mwembe wa Babu
Wakuu asanteni. Nimefanya kazi.

Vidonge vya bundi: nimetafuta siku mbili, sikupata. Fundi samahani.

Jana jioni nikachekecha majivu ya jikoni, nikayatandaza chini ya mwembe duara zima, nikaacha na ndizi mbili mbivu. Saa 8 kikalia. Asubuhi nimekuta ndizi moja imemenywa, maganda yapo, nyingine haipo kabisa. Kwenye majivu kuna nyayo za aina mbili. Za kwanza ni viganja vidogo kama vya mwanasesere, vidole vimetanuka, viwili viwili, halafu nafasi kubwa, halafu viwili tena, kama kitu kilikuwa kinaruka. Hizi naona ni za komba wa mwalimu. Za pili ni za duara, zinakwenda moja mbele ya nyingine, na mbele ya kila kidole kuna kitobo cha ukucha. Zimetoka upande wa mbuyu, zimezunguka shina mara moja, zimerudi mbuyuni.

Nimeambatanisha picha, samahani, simu yangu kamera imepasuka.

#27 Sharifu wa Pwani
Zimerudi wapi? Rudia tena, nimeziba sikio.

#28 Chikongola Dogo
Sharifu kaamka 😂

#29 Fundi Bati
Majivu yako hayajaondoa bundi, yameongeza tu wageni. Bundi hatui chini kula ndizi. Chunguza darini kwako pia, sauti ya usiku inadanganya inakotoka.

#30 Askari Mstaafu
Hizo za pili zingekuwa za kanu, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa, nisingetegemea kuona kucha, anazificha kama paka. Kanu naye angeanza na kuku. Zenye kucha nje nafikiria fungo, mnyama wa usiku anayefanana na kanu ila mkubwa zaidi. Anapenda matunda, na ana tabia ya kunya sehemu moja kila siku. Zunguka huo mbuyu, utaona lundo limejaa kokwa. Au ni mbwa wa jirani tu, picha yenyewe inaonyesha ukungu.

#31 Kuku wa Mtama
Mbwa anayekula ndizi na ganda lake?

#32 Askari Mstaafu
#31 Wa kwangu anakula sabuni.

#33 Binti Shangani
Naingilia kidogo nje ya mada. Huku Shangani bundi wetu hana raha kwa ajili ya kunguru. Akichelewa kuingia shimoni asubuhi wanamzunguka ishirini, wanamdonoa mpaka anajificha kwenye makuti. Ndege wadogo nao wamepungua, viota vyote vinaibwa mayai. Hawa kunguru si ndio Mjerumani aliwaleta Dar?

#34 Kipepeo wa Rutamba
#33 Si Mjerumani, na haikuwa Dar. Walitoka India wakaletwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1890, wale takataka za mji. Wakavuka wenyewe. Wa kwetu wa asili ana fulana nyeupe kifuani, usiwachanganye. Wakati mwingine watu wanampiga mawe huyu wa fulana wakidhani ndiye mharibifu.

#35 Mwalimu wa Newala
Turudi mwembeni. Mkuu, kaa nje usiku mmoja. Tochi ifunge karatasi nyekundu ya nailoni, ile ya kufungia zawadi, mwanga mwekundu hauwashtui sana. Usivute sigara.

#36 Mgema Mstaafu
Na usipande mti. Mwembe mkongwe wa Mikindani usio na maji moto sijauona. Hao mchwa... sorry, hao sisimizi wekundu wakikuingia kwenye suruali utalia wewe saa 8 na sisi tufungue uzi mwingine.

#37 Bibi Korosho
Maji moto usiwaharibie viota vyao lakini. Wanaua wadudu wanaofyonza korosho changa. Wenzetu wa utafiti pale Naliendele walishawachunguza, si maneno ya vibibi tu.

#38 Mwembe wa Babu
Nimekaa nje. Naandika sasa hivi saa 10 alfajiri, mikono inanuka dawa ya mbu.

Umeme ulikatika saa 5, giza likawa zuri. Mzee jirani aliona tochi nyekundu akaja kuuliza kama naroga, nikamwambia nataka kukiona kabla hajakitilia sumu. Akaleta mkeka wake na birika la kahawa, akakaa.

Saa 7 na nusu popo wakaja, wanapita na kitu mdomoni, wanaangukia majani "pwaa" kama nguo mbichi. Korosho moja ikampiga mzee begani. Bibi Korosho umeshinda hapo, mzee kaiweka mfukoni.

Saa 8 kasoro dakika kumi, macho mawili. Mekundu, makubwa, karibu karibu. Yakashuka kwa kuruka, yakatulia tawi la chini, kama hatua saba kutoka kwetu. Komba, masikio yanajikunja na kujikunjua kila moja kwa wakati wake. Mdomoni kabeba kitu. Nikadhani ni embe, mzee akanishika goti. Kilikuwa kitoto chake, kakibana ngozi ya mgongo kama paka abebavyo. Akakipachika kwenye panda la tawi, akakilamba kichwa, akakiacha pale, akaenda kwenye ndizi yangu. Akaimenya.

Nikasema basi, kitoto ndicho kinacholia. Tukangoja. Kitoto kimya. Mama kimya, anatafuna. Na saa 8 na dakika sita kile kilio kikaja, kile kile, "waa", kimya, "waa waa waa". Kikatoka upande wa mbuyu. Mama komba akaacha ndizi, akageuka kutazama huko huko tulikogeuka sisi.

#39 Chikongola Dogo
Mimi nazima data.

#40 Sharifu wa Pwani
Sina la kuongeza.

#41 Mwalimu wa Newala
Dume. Ni komba dume yuko mbuyuni anatangaza mipaka, jike kamsikia ndiyo maana kageuka. Mbuyu umechanua sasa, anafuata maua. Liko wazi kabisa.

#42 Fundi Bati
Au mbuyu una shimo na shimo lina bundi. Nani kamulika mbuyu? Hakuna.

#43 Mtani wa Kusini
Perere je, yule pimbi wa mitini? Ana kelele za kutisha na anakaa kwenye mashimo ya miti. Mjomba alimsikia akahama kambi usiku.

#44 Askari Mstaafu
#43 Perere huanza kama mlango usiotiwa mafuta na sauti hupanda, ya huyu inashuka. Sisemi si yeye. Nasema ajaribu kusikiliza hapo.

#45 Mgema Mstaafu
Mimi nauliza kuhusu mzee. Bado anataka kukata mti?

#46 Mwembe wa Babu
#45 Sumu kaniambia nisiitaje tena mbele ya wajukuu wake. Mti hajasema kitu. Ila jioni hii nimemkuta anachekecha majivu chini ya mbuyu wake, na ndizi kanunua mwenyewe, kaniambia zangu zilikuwa mbichi. Anataka nije na tochi saa 7, nikae upande wa kisima, yeye akae upande wa banda la kuku.

Mawingu yameanza kujikusanya baharini. Ikinyesha majivu yamekwenda. Nitawajuza.